Awamu mbili za katheta, ya tatu ikakataliwa: kisa cha saratani ya ini kutoka Tanga

## Kuhusu kisa hiki

Kisa kimeandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu na wauguzi wa hospitali za wilaya na mikoa, yaani wale wanaompeleka mgonjwa Dar es Salaam na kumpokea akirudi. Familia imeridhia. Umri, kazi na makazi vimebadilishwa, hospitali hazitajwi, na tarehe zimeondolewa.

Nakiandika kwa upande wa Tanga. Wenzetu wa tiba radiolojia, yaani wanaotibu kwa kuongozwa na picha, ndio walioshika katheta, ule mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye uvimbe; wao wangekisimulia kwa namna yao. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime anavyoendelea: katika tiba hii hesabu kubwa ni ya ini linalobaki, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo hufanyika huku mikoani, kabla mgonjwa hajapanda basi na baada ya kushuka.

## Usuli

Mgonjwa, tumwite Mzee H., alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani. Mke mmoja, watoto wanne. Hakunywa pombe, hakuwa na kisukari.

Miaka kadhaa kabla ya kuugua alikwenda kumchangia damu shemeji yake aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa uzazi. Damu ya mchangiaji hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, na yake ikaonekana ina homa ya ini B. Akapewa karatasi, akaambiwa aende kliniki. Hakwenda. Tulipomuuliza sababu alijibu bila kuona haya: "Daktari, mtu haendi hospitali kwa ajili ya karatasi. Nilikuwa mzima."

Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa kwenye ini miaka ishirini au thelathini bila mtu kuhisi kitu. Wengine ini lao husinyaa na kujaa makovu, kisha saratani ikaja juu ya makovu hayo. Wengine saratani huwatangulia makovu. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wachanga hapa nchini mwaka 2002, kwa hiyo watu wa rika la Mzee H. wote waliikosa. Ukiongeza sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hatari huzidi maradufu kwa mwenye kirusi. Sumukuvu tunaikumbuka kwa mlipuko wa Dodoma na Manyara mwaka 2016, uliowaua watu kwa muda mfupi. Madhara yake ya polepole, ya kula kidogo kidogo miaka nenda rudi, hayatangazwi.

## Mpaka ugonjwa ukajulikana

Alianza na maumivu chini ya mbavu za kulia. Akawa anashiba upesi, suruali zikaanza kumpwaya. Maduka ya dawa mawili na zahanati moja walimwambia ni vidonda vya tumbo, akameza omeprazoli miezi kadhaa. Maumivu yakizidi alikunywa diklofenaki, maana alishasikia kwamba panadol inaharibu ini. Hili tutalirudia.

Alipofika kwetu, mkono uliligusa ini likiwa gumu vidole vitatu chini ya mbavu. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe mkubwa upande wa kulia. Kipimo cha alfa-fetoprotini, protini ya damu ambayo mara nyingi hupanda kwa saratani ya ini, kilisoma 2,860, wakati kawaida ni chini ya 10. Bilirubini, rangi ya nyongo inayolimbikizana ini likichoka, ilikuwa 22; albumini, protini inayotengenezwa na ini, 36; INR, kipimo cha kuganda kwa damu, 1.2; chembe sahani 128. Tumboni hakukuwa na maji, na akili yake ilikuwa timamu kabisa. Kwa mizani ya Child-Pugh, inayopima ini linavyofanya kazi, alipata alama 5, daraja A, ambayo ndiyo bora kuliko zote.

CT skani ya kwanza ilipigwa mahali pengine kabla hajafikishwa kwetu. Ilipigwa kwa awamu moja tu, baada ya dawa ya kung'arisha mishipa kuwa imeshasambaa. Picha zilikuwa safi, ripoti ikasema "uvimbe wa ini, chunguzeni zaidi", na kwa kazi tuliyokuwa nayo haikutufaa. Saratani hii hujitambulisha kwa tabia yake na damu: hung'aa mapema dawa ikiwa bado kwenye ateri, kisha hufifia kuliko ini linaloizunguka dawa inapopita kwenye vena na baada yake. Anayeitafuta tabia hiyo sharti apige picha kwa awamu tatu. Fomu ya maombi haikuwa na neno "awamu tatu", na fundi wa mashine hupiga alichoombwa.

Ukoo ukachanga upya. Picha za pili zilionyesha vinundu vitatu: kimoja cha sentimita 7 upande wa kulia, kingine cha 2 jirani yake, na cha tatu cha sentimita 1.5 upande wa kushoto. Vyote viling'aa na kufifia kama ilivyoelezwa hapo juu. Vena kuu inayoingia kwenye ini ilikuwa wazi. Nje ya ini hapakuonekana kitu.

## Uamuzi wa kwanza: kutokata nyama

Kwenye kikao cha familia aliyezungumza zaidi alikuwa kaka mkubwa wa mgonjwa, mkulima wa mboga kutoka Lushoto. Hoja yake ilikuwa ya haki. "Daktari, mnampeleka mdogo wangu kutiwa dawa ya saratani, na nyama hamjaipima?"

Tulimjibu hivi. Kwa mtu mwenye homa ya ini B ya muda mrefu, au mwenye makovu ya ini, uvimbe wenye tabia ile kwenye CT ya awamu tatu unatosha kuthibitisha. Kuchoma sindano kwenye uvimbe unaojaa damu kunaweza kuleta kuvuja damu tumboni, na mara chache seli hupandikizwa njiani sindano inapotoka. Picha zingekuwa na utata tungekata. Hazikuwa nao. Kaka mtu alikubali kwa shingo upande, nasi hatukumlazimisha afurahi.

## Uamuzi wa pili: kwa nini katheta

Upasuaji ulitoka mapema kwa sababu vinundu vilikuwa pande zote mbili. Upandikizaji wa ini haukuwa mezani, na hata ungekuwepo, ukubwa wa kile kinundu ungemnyima nafasi. Vidonge vya sorafenibu vilijadiliwa. Ni vya kumeza kila siku kwa muda usiojulikana, bei yake inakata maini, na kwa mgonjwa ambaye ini lake bado lina nguvu na vena iko wazi huwa vinasubiri. Kwa ngazi za Barcelona, zinazopanga saratani ya ini kwa hatua, alikuwa ngazi ya kati, B, na ngazi hiyo tiba yake ya kawaida ni TACE: kupitisha katheta hadi kwenye ateri inayolisha uvimbe, kumwaga dawa ya saratani humohumo, kisha kuiziba.

Kaka mtu akauliza swali ambalo madaktari wanafunzi husita kuliuliza. Mkiziba mshipa wa ini, ini si litakufa? Nilimwambia achukue shamba lake la Lushoto, alione linamwagiliwa na mifereji miwili. Mkubwa unaleta robo tatu ya maji, mdogo unaleta robo. Ini limekaa hivyo: vena kutoka matumboni huleta takriban asilimia 75 ya damu, ateri huleta iliyobaki. Gugu hili lina desturi ya kunywa karibu maji yake yote kwenye mfereji mdogo. Ukiufunga mdogo, gugu linakauka na shamba linaendelea kuishi kwa mkubwa. "Na mkubwa ukiwa umeziba?" akauliza. Hapo ndipo tiba hukataliwa au hupunguzwa sana, na ndiyo sababu tulimlipisha CT ya pili.

Ushahidi wa tiba hii ulipata uzito mwaka 2002, kwa majaribio mawili yaliyotoka karibu pamoja. La Barcelona lilikuta asilimia 63 ya waliotibiwa wako hai baada ya miaka miwili, dhidi ya 27 ya wasiotibiwa. La Hong Kong lilikuta 31 dhidi ya 11. Tarakimu za Barcelona ndizo hupenda kutajwa kwenye semina kwa sababu zinapendeza, lakini wengi wa wagonjwa wale walikuwa na homa ya ini C. Wa Hong Kong wengi walikuwa na B, na vimbe zao zilikuwa kubwa, kwa hiyo wanafanana zaidi na tunaowaona Tanga. Familia tuliwapa tarakimu za Hong Kong. Tuliwaambia pia, mgonjwa akiwepo na akisikia, kwamba hii ni tiba ya kurefusha muda. Mke wake alilia. Mzee H. akauliza muda wenyewe utakuwa wa kukaa dukani au wa kulala kitandani. Tulimwambia lengo ni dukani.

## Maandalizi Tanga

Sehemu hii ndiyo iliyochukua kazi yetu nyingi.

Kreatinini, kipimo cha figo ambacho hupanda figo zikilemewa, ilikuwa 148. Kwa mtu anayekwenda kutiwa dawa ya kung'arisha mishipa kwa wingi, hicho ni kizuizi. Sababu ilikuwa diklofenaki, na pengine mizizi aliyokuwa akiletewa kutoka Handeni kwenye chupa ya soda. Tukasimamisha vyote viwili. Maumivu yakatulizwa kwa parasetamoli isiyozidi gramu 2 kwa siku, na hapa tulilazimika kubishana na mtaa mzima. Kwa mwenye ugonjwa wa ini, parasetamoli kwa kipimo hicho ni salama kuliko diklofenaki, ambayo huumiza figo, huchubua tumbo na huweza kuanzisha kutapika damu. Baada ya wiki mbili kreatinini ilishuka hadi 96. Safari ilikuwa imeahirishwa, na kuna ndugu waliotulaumu kwamba tunachelewesha.

Alipimwa Ukimwi kabla ya kuanzishiwa tenofoviri. Dawa hiyo hutumika kwa Ukimwi na kwa homa ya ini B, na ukimpa peke yake mtu mwenye VVU asiyejijua unamfundisha kirusi usugu. Majibu yalikuwa hasi, akaanza. Tenofoviri haitibu saratani. Kazi yake ni kukishika kirusi kisiamke, maana dawa za saratani na mshtuko wa tiba vinaweza kukiamsha, kikalishambulia ini wakati ambapo kila seli yake inahitajika.

Jambo la mwisho tulilolifanya lilikuwa dogo: tuliomba familia itafute mahali pa kukaa Dar es Salaam wiki nzima baada ya kuruhusiwa. Kutoka Dar mpaka Tanga kwa kupitia Chalinze na Segera ni kilomita zinazokaribia 350. Mtu mwenye homa, kichefuchefu na kidonda cha kinena hafai kukaa kwenye kiti cha basi saa sita. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye angekaa naye kwa mama mdogo, alipewa daftari la mistari. Akachora safu: joto la asubuhi, joto la jioni, rangi ya mkojo, macho, choo, alichokula.

## Siku ya tiba

Huduma za tiba radiolojia zilianza kujengwa Muhimbili kuanzia mwaka 2018, na madaktari wa Kitanzania wakaanza kufunzwa fani hiyo hapahapa nchini. Miaka michache kabla ya hapo, barua yetu ya rufaa ingekuwa ya kwenda India, na kwa familia hii maana yake isingeandikwa.

Mgonjwa alikaa macho muda wote. Alipigwa sindano ya ganzi kwenye kinena cha kulia, katheta ikaingizwa kwenye ateri ya paja, ikapanda aota hadi kwenye tawi linalolisha ini. Kila dawa ya kung'arisha ilipopigwa alisikia joto likimpanda tumboni hadi kooni. Ndani ya katheta ya kwanza wakapitisha nyingine nyembamba zaidi, wakaisogeza hadi tawi la kulia linaloulisha ule uvimbe mkubwa, wakipishana na tawi la kifuko cha nyongo na la tumbo, kwa sababu dawa ikiingia huko huunguza. Kisha doksorubisini miligramu 50, iliyokorogwa na Lipiodol mpaka ikawa rojo jekundu, ikasukumwa polepole. Lipiodol ni mafuta ya mbegu za popi yenye iodini. Hung'ang'ania ndani ya uvimbe na huonekana meupe kwenye CT wiki kadhaa baadaye. Mwisho vipande vya sponji ya jelatini vikamwagwa kuufunga mshipa.

Wakati dawa inaingia alipata maumivu begani kulia, akadhani amelala vibaya. Bega la kulia ni malalamiko ya ini. Aliporudishwa wodini aliambiwa alale mguu ukiwa umenyooka kwa saa kadhaa, muuguzi akawa anapapasa mapigo ya unyayo. Kinundu cha kushoto hakikuguswa siku hiyo. Hilo lilikuwa jambo la makusudi: kutibu pande zote mbili kwa mara moja ni kuliomba ini msamaha baada ya kulipiga.

## Homa

Aliruhusiwa siku ya tatu. Siku ya nne jioni daftari linasoma 38.4. Mama mdogo, kwa nia njema kabisa, alikwishamwita kijana wa duka la dawa aje na sindano za malaria. Binti akampigia daktari wa wodi, kisha akatupigia sisi Tanga, akapeleka kipimo cha haraka cha malaria kwanza. Hakikuonyesha vimelea. Sindano ikarudi dukani.

Homa ya namna hii huwapata wengi baada ya TACE. Tishu iliyokosa damu inakufa, mwili unaisafisha, na kazi ya kusafisha inaleta joto, maumivu ya ubavu, kichefuchefu na uchovu. Huanza siku ya kwanza au ya pili, hufika kileleni, huisha ndani ya wiki moja au kidogo zaidi. Haihitaji dawa za bakteria. Tatizo ni kwamba jipu la ini nalo huleta homa, na jipu linaua.

Tulichomwandikia binti kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kilikuwa hiki: homa inayopanda na kushuka ndani ya wiki ya kwanza huku mgonjwa anakunywa uji na anaongea vizuri, mpe parasetamoli, mpe maji, endelea kuandika. Homa iliyokwisha isha kisha ikarudi, homa yenye kutetemeka hadi kitanda kinatikisika, macho ya manjano, tumbo kujaa, choo cheusi, au maneno kuchanganyikana: hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Hatari ya jipu huwa kubwa zaidi kwa waliowahi kuwekewa mrija kwenye njia ya nyongo au kupasuliwa njia hiyo. Mzee H. hakuwahi.

Daftari ninalo picha zake. Siku ya tano: 38.6 jioni, "amekula nusu kikombe cha uji wa ulezi, amegombana na mama mdogo". Siku ya sita: 37.9. Siku ya nane: 37.1, "ameuliza habari za duka". Sijaona maelezo bora ya kupona kwa dalili hizi kwenye kitabu chochote.

Damu iliyopimwa wiki hiyo ilionyesha vimeng'enya vya ini vimepanda mpaka mamia. Daktari mmoja kijana wa kwetu alishtuka alipoiona ripoti. Vimeng'enya kupanda siku hizo ni tangazo kwamba kuna seli zilizokufa, jambo tulilolikusudia. Namba ya kuikodolea macho ni bilirubini, na yake ilipanda hadi 30 ikashuka tena.

## Awamu ya pili, na kusimama

CT ya wiki ya sita ilileta furaha. Uvimbe mkubwa ulikuwa umejaa weupe wa Lipiodol na sehemu kubwa haikung'aa tena kwenye awamu ya ateri, isipokuwa ukingo mmoja. Alfa-fetoprotini ilikuwa 310. Mzee H. alirudi dukani, akanenepa kidogo, akaanza kwenda sala ya jamaa.

Kwa kuwa alijisikia mzima, aliacha tenofoviri. Hakutuambia. Vidonge viliisha, hakufuata vingine kwa kama wiki tatu, kwa hoja ileile ya karatasi ya benki ya damu.

Awamu ya pili ilipangwa kwa ajili ya ukingo uliobaki na kinundu cha kushoto. Kabla yake bilirubini ilikuwa 31 na albumini 32. Alama 6, bado daraja A, bado ndani ya mwongozo. Timu iliendelea, nami hadi leo naona uamuzi ulikuwa halali. Ila ukiiweka albumini ya 36 kando ya 32, na bilirubini ya 22 kando ya 31, unaona mwendo ambao daraja peke yake linauficha.

Homa ya safari hii ilikuwa nyepesi. Wiki tatu baadaye akaja Tanga tumbo limejaa, macho ya manjano. Bilirubini 58, albumini 29, INR 1.6, maji kiasi tumboni. Alama 9, daraja B kwa chini kabisa. CT ikaonyesha ule uvimbe mkubwa umekufa karibu wote. Upande wa kushoto kikaonekana kinundu kipya.

Ukoo ulikuwa umeshafungua kundi la WhatsApp la mchango kwa ajili ya awamu ya tatu, na mchango ulikuwa umetimia. Kaka mtu alishuka kutoka Lushoto na bahasha. "Pesa ipo, daktari. Tatizo nini tena?" Tulimwonyesha namba kwa mfuatano, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye karatasi moja. Tukamwambia kwamba tiba ya tatu ingeweza kukiua kile kinundu kipya na kumuua mdogo wake ndani ya mwezi kwa ini kushindwa. Timu ya Dar es Salaam, kwa simu, ilisema hivyohivyo bila sisi kuwashawishi. Alikaa kimya muda, kisha akauliza kama mdogo wake ameshaambiwa. Alikuwa ameambiwa, na yeye mwenyewe ndiye alisema basi.

## Matokeo

Tenofoviri ilirudishwa. Akapewa spironolaktoni, dawa ya kupunguza maji mwilini, chumvi ikapunguzwa, na kwa mtu wa Tanga hiyo ilimaanisha kuagana na ng'onda, jambo alilolilalamikia kuliko sindano zote. Bilirubini ilishuka hadi 41, maji yakapungua. Haikufika mahali pa kutufanya tuifungue upya habari ya katheta. Maumivu yalipozidi alianzishiwa morfini ya maji. Mji wetu una bahati ya kuwa na Muheza jirani, ambako tiba shufaa, ile ya kumtuliza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ina mizizi ya miaka mingi, na wauguzi wetu wawili walijifunza huko namna ya kupima dozi na kuzuia choo kigumu.

Alifariki nyumbani kwake mwezi wa kumi na nne baada ya awamu ya kwanza. Karibu miezi minane kati ya hiyo alikuwa akifungua duka mwenyewe.

## Uchambuzi

Swali ambalo wenzangu huliuliza kwanza ni kama awamu ya pili ndiyo iliyolichosha ini, au ni kirusi kilichoamka wakati hakuna tenofoviri. Hatuwezi kutenganisha. Wingi wa kirusi haukupimwa kabla ya awamu ya pili. Ungepimwa, na ukakutwa umepanda, ingekuwa busara kusubiri wiki kadhaa dawa ifanye kazi kwanza. Sasa tunakiomba kipimo hicho kabla ya kila awamu, na pasipo na uwezo wa kukipata tunahesabu vidonge: mgonjwa anakuja na kopo lake, muuguzi analimwaga mezani.

Kuanguka kwa tenofoviri kulikuwa na chanzo kimoja kinachorekebishika. Kila mtu aliishughulikia saratani na hakuna aliyekabidhiwa kirusi. Dar es Salaam walijua Tanga wataendelea nayo, Tanga tulijua imeandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa, nayo ilikuwa imeandikwa kweli, mstari wa mwisho, chini ya dawa ya kichefuchefu. Binti yule wa daftari angeliweza jambo hili kwa urahisi kama safu moja ingeongezwa. Daftari lilifungwa homa ilipokwisha, wakati lilitakiwa liendelee.

CT ya awamu moja iligharimu pesa na wiki tatu. Kwa uvimbe wa namna hii wiki tatu si nyingi sana, ila kwa mwingine ndizo wiki ambazo vena huzibwa na nafasi ya katheta kufungwa. Tumebandika maneno ya kuandikwa kwenye fomu ukutani chumba cha madaktari: ini, awamu tatu, ateri, vena, kuchelewa.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, zaidi ya katheta yenyewe, ni wiki mbili za kusubiri figo, wiki moja ya kukaa Dar, na kukataa awamu ya tatu. Yote matatu yalionekana kwa ndugu kama uzembe au ukatili yalipokuwa yanatokea. Hili la tatu ndilo gumu kufundisha, kwa sababu mafanikio kwenye picha yanavuta. Uvimbe umekufa, kwa nini msiendelee? Mizani ya Child-Pugh inasaidia, lakini inasaidia zaidi ukiwa umeiandika kila ziara kwenye ukurasa mmoja. Ile karatasi tuliyomwonyesha kaka mtu iliandikwa kwa kalamu ya wino siku hiyohiyo, na baadhi ya namba ilibidi zitafutwe kwenye mafaili matatu tofauti. Haipaswi kuwa hivyo.

Karatasi ya benki ya damu ndiyo ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote. Mtu mwenye homa ya ini B akipigwa ultrasaundi kila miezi sita, uvimbe unaweza kukutwa ukiwa wa sentimita mbili, na hapo huzungumzii tena kurefusha muda. Tumeanza kumpigia simu kila mchangiaji anayekutwa nayo badala ya kumpa karatasi peke yake. Wanaokuja ni wachache kuliko tunavyotaka, na wengi huja na mke aliyewasukuma.

Pesa ya awamu ya tatu haikurudishwa kwa wachangaji. Kwa ridhaa yao iliwapima watu wote wa nyumba. Mke hakuwa na kirusi, akachanjwa. Watoto wawili wadogo walikuwa wamechanjwa utotoni, wako salama. Binti wa daftari hakuwa nacho, naye kachanjwa. Kaka yake, kijana wa miaka ishirini na kitu anayeendesha duka sasa, anacho. Ini lake kwenye ultrasaundi ni safi, yuko kliniki, na kopo lake la vidonge humwagwa mezani kama la wengine. Baba yake mkubwa wa Lushoto ameahidi kuja kupima baada ya mavuno ya kabichi.